Simbilisi Wangu Saba

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Usione wembamba wa reli, gari moshi hupita. Msemo huu tunausikia sana katika vikao vya Chama chetu cha Kiswahili, na kila ukitajwa mimi huwafikiria simbilisi wangu. Ni wanyama wadogo wasiofika hata kilo moja na nusu, hawana mkia, masikio yao ni kama majani ya maua, na mguu wa mbele una vidole vinne ilhali wa nyuma una vitatu. Mtu akiwaona mara ya kwanza hudhani ni panya walionenepa. Wenzangu darasani hucheka nikisema nafuga simbilisi. "Unafuga panya?" huniuliza. Nami huwajibu kuwa mcheka kilema hafi bila kumfika. Leo nimeshika kalamu niwaeleze, ndugu wasomaji, jinsi ninavyowatunza na kwa nini muhula wa kwanza mwaka huu nusura niwapoteze wote kwa siku moja.

Kwanza tuwajue. Waingereza humwita mnyama huyu nguruwe wa Guinea, ingawa si nguruwe wala asili yake si Guinea. Kwao ni Amerika ya Kusini, kwenye milima ya Andes, katika nchi kama Peru, Bolivia na Ekwado. Wenyeji wa huko waliwafuga maelfu ya miaka iliyopita kwa ajili ya nyama, na mpaka leo bado wanawala. Wahispania walipofika huko katika karne ya 16 ndipo simbilisi wakavuka bahari hadi Ulaya, wakawa wanyama wa kupendwa nyumbani. Siku hizi wanafugwa hata kwa majirani zetu, nyanda za juu kusini mwa Tanzania na mashariki mwa Kongo.

Wanasayansi nao waliwapata. Robert Koch aliwatumia alipokuwa akichunguza viini vya kifua kikuu, akatangaza matokeo yake mwaka 1882. Ndiyo maana katika Kiingereza mtu anayefanyiwa majaribio huitwa kwa jina la mnyama huyu. Kwa hiyo msomaji, ukimwona simbilisi umetulia ukadhani hana maana, kumbuka kwamba afya yetu wanadamu ina deni kwake.

Mimi niliwapata kwa nyanya yangu. Kwetu ni Vihiga, na nyanya aliwafuga jikoni mwake tangu zamani. Walikuwa wakikimbia huku na huko chini ya kitanda cha kamba na kando ya mafiga, wakila maganda ya ndizi na majani ya mahindi. Nilipomaliza darasa la nane alinipa wawili, dume na jike, akaniambia, "Mjukuu wangu, huna ng'ombe, lakini hawa ni ng'ombe wako. Ukiweza hawa utaweza na wengine." Jike lile lilikuwa jeupe, lenye manyoya meusi mgongoni kama mtu aliyevaa koti, basi nikaliita Koti. Dume nikaliita Sultani kwa sababu lilitembea kwa maringo mno.

Nyanya aliamini kwamba moshi wa jikoni huwapa simbilisi joto. Mimi sikutaka kubishana naye, maana mkubwa ni jalala. Lakini niliwaona wengi wao wakipiga chafya na macho yakitoa maji, na mmoja aliwahi kumwagikiwa na uji wa moto. Kwa hivyo wangu niliwajengea kibanda nje. Ndugu yangu mdogo alinisaidia. Tulitumia mabaki ya mbao, waya wa kuku na kipande cha bati. Sakafu ni ya mbao tupu, si ya waya, kwa sababu nyayo za simbilisi ni laini na waya huzikata. Juu ya mbao hutandika nyasi kavu, ambazo hubadilisha kila siku ya tatu, maana mkojo wao una harufu kali na unyevu huwaletea maradhi ya kifua.

Kibanda chenyewe kipo chini ya mwembe. Simbilisi huvumilia baridi kiasi, lakini jua kali chini ya bati linaweza kuwaua kwa saa chache tu. Kimeinuliwa juu ya miguu minne, na kila mguu umesimama ndani ya kopo la oili chafu. Hiyo ni kwa ajili ya siafu. Yeyote aliyekulia huku kwetu anajua siafu wakiingia usiku katika banda la vifaranga asubuhi unakuta mifupa. Paka na nguchiro wamezuiwa na waya. Ndani nimeweka chungu cha nyanya kilichopasuka, nikakilaza, wapate mahali pa kujificha. Simbilisi ni mwoga kupindukia. Hata kivuli cha kunguru kikipita juu yake yeye huingia chunguni, fyu!

Sisi wa shule ya kutwa tunajua shida ya saa. Mimi huondoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo asubuhi na kurudi saa kumi na moja na nusu jioni. Kwa hivyo huamka mapema zaidi, nikawawekea nyasi za kutosha mchana kutwa na maji safi katika sahani nzito ya udongo wasiyoweza kuipindua. Jioni hata kabla sijafungua lango huwa wameshanisikia. Wote hupaza sauti kwa pamoja, wii! wii! wii! Jirani yetu husema hahitaji saa ya ukutani, akisikia simbilisi wanapiga mbinja anajua ni wakati wa kuwasha moto wa chai.

Chakula chao kikuu ni nyasi. Meno ya simbilisi hayaachi kukua maisha yake yote, na nyasi ngumu ndizo zinazoyasaga. Akikosa nyasi meno hurefuka, akashindwa kula, akafa njaa mbele ya chakula. Mimi hukata mabingobingo, majani ya mahindi, majani ya viazi vitamu na kishonanguo. Mama ni muuza mboga katika soko la Mbale, na mabaki yake ya sukuma wiki na karoti hunifaa sana. Kabeji huwapa kidogo tu kwa sababu huwajaza gesi. Majani ya viazi mbatata, ya nyanya na ya mparachichi siwapi kamwe, maana yana sumu kwao. Jambo moja lilimchukiza ndugu yangu mpaka akatema mate. Simbilisi hula baadhi ya mavi yake yaliyo laini, yakipita tumboni mara ya pili apate nguvu iliyobaki. Usimpige kwa hilo. Ndivyo alivyoumbwa.

Kuzaa kwao ni kwa ajabu. Sungura hubeba mimba mwezi mmoja tu, na watoto wake huzaliwa vipofu na uchi. Simbilisi hubeba miezi miwili na zaidi, kati ya siku 59 na 72 hivi, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi na meno tayari. Katika muda wa siku moja au mbili huwa wanatafuna nyasi kando ya mama yao. Mama ana chuchu mbili tu lakini watoto watatu au wanne hupokezana bila vita. Mfugaji lazima awe macho hapa. Wakifika wiki tatu madume yatengwe, la sivyo watashika mimba dada zao na hata mama yao. Jike nalo likikaa zaidi ya miezi sita au saba bila kuzaa mara ya kwanza, mifupa ya nyonga hufungamana, na likija kushika mimba baadaye laweza kufa likizaa. Sultani mimi humtoa kabla jike halijajifungua, kwa sababu jike linaweza kushika mimba nyingine siku ile ile.

Sasa niwaeleze lile la muhula wa kwanza.

Mwezi wa Januari nilikuwa na simbilisi saba: Sultani, majike matatu yaani Koti, Pili na Tatu, na vijana watatu. Baba hufanya kazi ya mjengo Kisumu na huja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Krismasi kazi ilisimama, na shule zilipofunguliwa nilikuwa nadaiwa shilingi 2,400 za chakula cha mchana. Jumamosi moja alikuja mtu mmoja mwenye kibanda cha nyama choma. Alichungulia waya, akahesabu, akamwambia baba, "Mzee, wote saba nakupa 1,500. Sasa hivi."

Baba aliniita. "Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita akiwa na jambo zito, "hawa wanyama wako wana faida gani? Kuku hutaga. Ng'ombe hutoa maziwa. Hawa wanakula nyasi za ng'ombe, na nyasi hakuna."

Msomaji, sikuwa na jibu la haraka. Kweli nyasi hazikuwepo. Ilikuwa kiangazi, shamba letu ni robo ekari, na ng'ombe mwenyewe alikuwa akila mabua makavu. Nami sikuwa mtoto mdogo wa kulia. Nilijua 1,500 ni pesa. Nikamwambia, "Baba, naomba muhula mmoja. Nitaandika kila kinachoingia na kila kinachotoka. Ukifika mwezi wa Aprili ukiona ni hasara, waende." Mama alisema pesa iliyo mkononi ndiyo pesa. Yule mtu akasema bei yake ni ya leo tu. Baba alinyamaza kitambo kirefu, kisha akamwambia, "Haya ndugu, tutaonana Aprili."

Wiki ile ile niliwauza vijana watatu kwa shilingi 200 kila mmoja. Wawili walinunuliwa na mwalimu wa jirani kwa watoto wake, na kabla hajaondoka nao nilimwandikia karatasini wanachokula na wasichokula. Nikaandika 600 katika daftari langu na pesa nikazipeleka shuleni. Mwanzo wa Februari Pili akazaa watoto watatu wenye afya. Nikaona mambo yameanza kunyooka.

Kumbe ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume! Kiangazi kilizidi. Hapakuwa na jani bichi popote, hata mama sokoni alikuwa anauza mpaka mabaki ya mwisho. Simbilisi wangu wakawa wanakula nyasi kavu na mabua kama ng'ombe. Ng'ombe alikonda tu, lakini Koti alianza kuchechemea. Mimi huwashika wote kila Jumapili, nikawapapasa mgongoni nijue kama wamekonda, maana simbilisi huficha ugonjwa. Porini mnyama dhaifu ndiye huliwa kwanza, kwa hivyo yeye hujikaza mpaka siku ya mwisho. Jumapili ile nilihisi uti wa mgongo wa Koti kama meno ya kitana. Manyoya yalikuwa yamesimama, na nilipomgusa magoti alilia kwa maumivu.

Kesho yake nilimweleza mwalimu wetu wa Biolojia. Aliniuliza swali moja tu: "Wamekula kitu kibichi lini?" Nilipomjibu akanifafanulia jambo ambalo sitalisahau. Ng'ombe, mbuzi, kuku na wanyama wengi hutengeneza vitamini C wenyewe ndani ya miili yao. Simbilisi hawezi, na mwanadamu pia hawezi. Ndiyo maana mabaharia wa zamani, waliokaa miezi baharini wakila mikate mikavu, walikufa kwa kiseyeye, fizi zikivuja damu na viungo vikiuma. Mwaka 1907 wanasayansi wawili wa Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu na wakaona wameshikwa na kiseyeye kile kile. Kwa njia hiyo dunia ikapata mlango wa kuijua vitamini C. "Koti wako," mwalimu akasema, "hana tofauti na baharia."

Basi nikaanza kutafuta dawa yenyewe. Nilipotoka shule nilipitia kwenye mpera wa kanisa nikaomba mapera matatu. Nilimkatia Koti vipande vyembamba nikamshikia mdomoni. Siku ya kwanza alikula kipande kimoja. Nyanya alinitunzia konzi moja ya majani ya sukuma wiki iliyokuwa imeota kando ya maji ya kuogea. Afisa wa mifugo alipopita kumwona ng'ombe wa jirani nilimwonyesha Koti, akanionya nisimpe dawa za penisilini kama mtu alivyonishauri, kwa sababu huua vijidudu vyema vya tumboni mwa simbilisi na mnyama hufa kwa kuhara.

Jumamosi ile baba alirudi kutoka Kisumu. Mama alikuwa amemweleza kwa simu kwamba mnyama mmoja ni mgonjwa. Mimi nilijua atasema, "Si nilikwambia?" Hakusema. Aliingia, akaketi, akatoa machungwa manne mfukoni mwa koti lake la kazi, akayapanga mezani. "Mawili ya nyanya yako," akasema, "na mawili ya huyo mgonjwa." Kisha akaomba chai. Jioni nilimwona amechuchumaa mbele ya kibanda, akimtazama Koti akila kipande cha chungwa, na wala hakujua kuwa namwona.

Baada ya wiki moja hivi Koti alianza kutembea vizuri. Mwezi wa Machi mvua ilianza, na nyasi zikaota kama zilizotumwa. Niliuza watoto wawili wa Pili, nikapata 400. Mwisho wa mwezi Tatu akazaa watatu, lakini mmoja alizaliwa mdogo sana akafa siku ya pili. Nilimzika nyuma ya kibanda, nikaandika daftarini: amekufa mmoja.

Siku ya kufunga shule baba aliomba daftari. Nilimsomea. Walioanza, saba. Waliozaliwa, sita. Waliouzwa, watano. Waliokufa, mmoja. Waliobaki, saba. Pesa iliyoingia, shilingi 1,000. Mbolea, magunia mawili, imetiwa katika mistari mitatu ya sukuma wiki ya mama, na mistari hiyo ndiyo aliyochuma kwanza baada ya mvua.

Sikumficha kitu. Elfu moja haikufika 2,400, na ile 1,400 iliyosalia aliilipa yeye kwa kubeba mawe juani. Hilo nalijua na halitoki akilini mwangu. Lakini yule mtu wa nyama angetupa 1,500 mara moja, na sasa kibanda kingekuwa kitupu. Baba alichukua kalamu, akapiga hesabu mwenyewe pembeni mwa ukurasa, akatikisa kichwa kidogo. "Saba na saba," akasema. Halafu akaniuliza, "Kile kibanda, ukiongezewa ghorofa moja juu, watalala wangapi?"

Ama kweli swali la baba la mwezi wa Januari lilikuwa swali zuri, na wewe uliye na mnyama nyumbani yafaa ujiulize. Ana faida gani? Jibu langu mimi ni hili. Faida ya shilingi ipo lakini ni ndogo, usidanganywe na mtu kwamba simbilisi watakutajirisha. Faida ya mbolea ipo. Lakini iliyo kubwa kwangu ni kwamba nimejifunza kumtazama asiyeweza kusema. Mtoto mdogo husema tumbo linauma. Mbuzi hupiga kelele. Simbilisi hunyamaza, na usipomshika kwa mikono yako kila wiki hutajua mpaka umkute amelala kwa ubavu. Tangu Februari nimeanza kuwatazama hivyo hata watu. Nyanya akisema hana njaa, mimi hutazama sahani. Baba akisema hajachoka, mimi hutazama mikono yake.

Kwa wenzangu wanaotaka kuanza, nawausia haya. Usichukue simbilisi mmoja peke yake, maana hupenda jamii na upweke humdhoofisha. Chukua majike mawili, au dume moja na jike ikiwa una mahali pa kuwapeleka watoto. Usiyaweke madume mawili na majike katika kibanda kimoja, yatapigana hadi damu. Usiwachanganye na sungura, kwa kuwa sungura huwapiga mateke na huweza kuwaambukiza maradhi ya kifua. Usimbebe kwa shingo wala mguu. Mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine chini ya makalio. Zaidi ya yote, kila siku awe na kitu kibichi: sukuma wiki, pera, majani ya viazi vitamu, chochote cha kijani ambacho si sumu. Ukiona kiangazi kinakuja panda mistari miwili ya sukuma wiki karibu na maji ya kuogea kama nyanya yangu. Na kumbuka kwamba akitunzwa vyema anaweza kuishi miaka mitano au zaidi. Utakuwa umemaliza kidato cha nne na yeye bado anakungoja langoni jioni. Ikiwa huwezi ahadi hiyo, mwachie mwingine.

Wahenga walisema mtunza mali ni mwenye mali. Kalamu yangu naiweka chini hapa, maana saa kumi na moja na nusu imekaribia na nyasi bado sijakata.